Penseli Zilipokomea

Kitabu kilikuwa chini kabisa ya rundo, kimebanwa kati ya Biblia isiyo na jalada na mwongozo wa kufuga ng'ombe wa maziwa. Niliinama kukivuta. Wauzaji wa vitabu vya mitumba wa mitaa ya Latema na Tom Mboya, hapa Nairobi, tunawaita watu wa inama kwa sababu hiyo hiyo: rafu yao ni turubai iliyotandazwa kando ya barabara, na usipokunja mgongo huoni kitu.

"Mzee, hiki cha hesabu ni pesa ngapi?"

Alikitazama vile mtu humtazama mbuzi aliyejirudisha bomani mwenyewe.

"Hicho, mama, nimekiuza mara tatu. Kila mara kinarudi."

Tukapatana mia nne. Kwenye matatu ya Umoja, tukiwa tumekwama City Stadium kama kawaida ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nikakifungua. Ni kile kitabu cha kalkulasi, hesabu ya vitu vinavyobadilika, cha Kimarekani, kizito kama tofali, kurasa elfu moja na zaidi. Na mzee hakunidanganya. Pembeni mwa kurasa za mwanzo kulikuwa na miandiko mitatu. Wa kwanza alitumia penseli ngumu, herufi ndogo zilizolala, mtu nadhifu. Wa pili alikuwa na penseli butu na hasira, kila baada ya mistari michache ameandika "kwani?" Wa tatu alikuwa mtu wa biro ya buluu, akipiga mstari chini ya kila kitu hadi ukashindwa kujua alichoona ni muhimu.

Wote watatu walikomea mahali pamoja.

Si ukurasa mmoja hasa, walipishana kwa kurasa tatu au nne. Wa biro ndiye aliyefika mbali zaidi. Alizungushia duara herufi mbili za Kigiriki, epsiloni na delta, akaweka alama ya kuuliza kando yake. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe pe, mamia kwa mamia, mpaka jalada la nyuma.

Watu watatu wasiojuana. Sikuweza kuliondoa jambo hilo kichwani kwa wiki kadhaa.

## Swali la mama wa nafaka

Lazima niseme kwa nini mtu wa miaka thelathini na tisa, mhasibu wa sacco, mwenye mtoto na mkopo, alikuwa anatafuta kitabu cha kalkulasi.

Mwanachama wetu mmoja, mama anayeuza nafaka, aliketi mbele ya meza yangu akauliza: "Riba ya akiba yangu mkiihesabu kila siku badala ya kila mwezi, si nitapata zaidi? Na mkihesabu kila saa? Na kila dakika? Si nitatajirika?" Tukacheka sote wawili. Alipoondoka nikafungua kompyuta.

Chukua shilingi 100,000, riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Ukiongeza riba mara moja tu mwishoni mwa mwaka, unapata 112,000. Ukiigawa kwa miezi, 112,682.50. Kwa siku, 112,747.46. Kwa saa, 112,749.59. Nikajaribu kwa dakika nikitarajia maajabu. Nikapata 112,749.68, na nilipojaribu kwa sekunde, pesa zilisogea kwa senti moja, zikatulia.

Kuna dari pale. Senti 69 baada ya 112,749, na haipitiki hata ungehesabu riba kwa kila kope inapopepesa.

Nani ameiweka dari hiyo?

Mpwa wangu, ambaye yuko chuo, alitazama zile nambari akasema, "Anti, hiyo ni kalkulasi." Alisema kama daktari anayetaja ugonjwa bila kutoa dawa.

Cha kuudhi ni kwamba kalkulasi niliisoma. Sisi wa 8-4-4 tuliipata Kidato cha Nne, mwishoni kabisa mwa silabasi, mtihani ukiwa umeshabisha hodi. Mwalimu wetu alikuwa na mada tatu na muda wa mada moja, kwa hiyo akatupa wimbo: shusha kipeo, punguza moja. Kipeo cha tatu kinashuka mbele kinakuwa mara tatu, juu kinabaki cha pili. Tuliimba hivyo hadi chumba cha mtihani na nikapata alama zangu. Ungeniuliza ninachopata baada ya kushusha na kupunguza ni kitu gani, ningekujibu: alama nne.

## Ugonjwa wa kukusanya

Sehemu hii nitaipita haraka kwa sababu inanitia aibu. Wiki tatu nzima sikusoma kalkulasi. Nilisoma *kuhusu* vitabu vya kalkulasi. Nilipakua cha shirika la OpenStax cha mwaka 2016, ambacho ni cha bure. Nikapakua cha Gilbert Strang, cha 1991, ambacho chuo cha MIT kimekiweka wazi kwa yeyote. Ndugu ya mwenzangu wa kazini, kijana aliyesomea hisabati, alinitazama kwa huruma akasema ukitaka kuelewa kweli kweli soma Spivak, vingine ni vya wahandisi. Nikamtafuta Spivak.

Simu ikajaa. Nilijiona nimeendelea sana.

Kilichoniokoa ni tabia ya kikazi. Ukitaka kulinganisha hesabu za matawi matano, husomi vitabu vyote vya matawi matano. Unachukua muamala mmoja ule ule na kuufuata kila mahali. Basi Jumamosi moja nikaenda maktaba ya Makadara na madaftari yangu, nikachagua muamala wangu: kwa nini mteremko wa x mraba, yaani kasi ya x mraba kubadilika x inapoongezeka, ni 2x? Wimbo unasema hivyo. Kila kitabu kinasema nini, na kinasema lini?

Hilo "lini" ndilo lililonifumbua macho.

Strang anaanza na mwendo na umbali, yaani vile vipimo viwili vilivyo mbele ya dereva. Mimi abiria wa matatu hilo nililidaka mara moja. Tangu 2004, wakati wa zile sheria za waziri Michuki, matatu hufungwa gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya kilomita 80 kwa saa. Sasa gavana haijali kwamba Nairobi hadi Nakuru umetumia saa mbili na nusu. Kilomita kama 160 kwa saa mbili na nusu ni wastani wa 64, na dereva anaweza kukuapia kwa wastani huo kwamba yeye ni malaika. Gavana inauliza mwendo wa *sasa hivi*, hapa kwenye mteremko. Lakini mwendo ni umbali kugawanya kwa muda, na katika "sasa hivi" hakuna umbali wala muda. Sifuri kwa sifuri. Swali lote la kalkulasi limo humo.

Spivak, ambaye kitabu chake kilitoka 1967, anaanza kwa kuorodhesha sifa kumi na mbili za nambari na kukuthibitishia kutokana nazo mambo uliyokuwa ukiyajua tangu darasa la tatu. Mteremko unaingia sura ya tisa. Nilisoma sura ya kwanza kwa mshangao wa mtu anayeonyeshwa msingi wa nyumba yake mwenyewe. Sikujua kama una nondo namna hiyo. Ni kitabu kizuri mno. Lakini nilikuwa nimekuja na swali la mama wa nafaka, na sura tisa ni safari ndefu kwa mtu anayesoma saa nne usiku mtoto akishalala. Yule kijana hakunidanganya, alijibu tu swali ambalo sikuwa nimeuliza.

Kile kitofali changu cha mia nne kinaweka fasili kamili ya kikomo (ile nambari ambayo hesabu inaisogelea), ile ya epsiloni na delta, kabla ya kukufikisha kwenye mteremko wa x mraba. Pale pale penseli zilipokomea.

## Miaka 137

Hapo nikafanya hesabu ndogo ya tarehe. Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, alichapisha makala yake ya kwanza ya kalkulasi 1684. Newton alikuwa nayo hata kabla, ila alikuwa mtu wa kuficha. Cauchy, Mfaransa, alichapisha kitabu kilichoipa dhana ya kikomo mahali pake pa heshima 1821, na lugha kamili ya epsiloni na delta kama inavyofundishwa leo inahusishwa zaidi na Weierstrass, aliyefundisha Berlin baadaye katika karne hiyo hiyo.

Kutoka 1684 hadi 1821 ni miaka 137.

Kwa muda huo wote watu walikokotoa njia za sayari, mawimbi, nyuzi za vinanda, bila fasili ile. Halafu mtu anayejisomea peke yake Umoja anaambiwa aanze nayo, kama tiketi ya mlangoni. Sisemi waliopanga vitabu hivyo wamekosea, darasani yupo mwalimu wa kukuvusha, akakuambia "vumilia, utaona faida yake." Kitabu peke yake hakiwezi kukukonyeza.

Kwa hiyo nikarudi nyuma. Nikachukua kitabu cha zamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo: *Calculus Made Easy* cha Silvanus Thompson, 1910. Thompson alikuwa mtu wa umeme, mkuu wa chuo cha ufundi London, na alikichapisha bila jina lake. Muda wa hakimiliki umeshapita, kwa hiyo ni bure mtandaoni. Kwenye simu milinganyo ilikuwa kama sisimizi, nikaenda saiba nikachapisha sura tano za kwanza. Kijana wa saiba akaniuliza kama ni za mtoto. Nikasema ndiyo.

## Senti iliyotupwa

Thompson anakuvuta kwa maneno matamu. Anakuambia d ni "kipande kidogo cha", basi. Kisha anachora mraba.

Nikauchora wangu kwa lugha yetu. Ploti ya mraba, futi 100 kwa 100. Jirani kakubali usogeze ua futi moja kaskazini na futi moja mashariki. Umeongeza nini? Vipande viwili virefu vya futi mia mia, jumla 200, na pale kwenye kona kijimraba cha futi moja kwa moja. Jumla 201. Upande wa ploti ukiuita x, na upana wa ukanda ulioongezwa ukiuita dx, vipande virefu ni 2x mara dx, na kona ni dx mara dx.

Halafu Thompson anafanya jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Anaitupa kona. Anasema ni ndogo ya ndogo, kama sekunde mbele ya saa, haina uzito.

Mimi nimewahi kukaa ofisini hadi saa tatu usiku nikitafuta shilingi kumi na nne.

Sitanii. Vitabu vya sacco ama vinalingana ama havilingani. Hakuna safu ya "ndogo ya ndogo". Mtu akinijia na hesabu akasema hii senti tumeitupa kwa sababu hatuioni vizuri, namwandikia barua. Nilijihisi nimetapeliwa kwa upole na mzee Mwingereza, na kwa siku nne sikugusa zile karatasi.

Baadaye nikajua kwamba lalamiko langu lina umri. Mwaka 1734 askofu mmoja, George Berkeley, aliandika kijitabu kizima kuwashambulia watu wa kalkulasi kwa jambo hilo hilo: vitu hivi mnavigawanyia kana kwamba vipo, kisha mnavifuta kana kwamba havipo. Mara vina uhai, mara ni mizimu. Nilifarijika kupita kiasi kukuta niko upande mmoja na askofu.

Kwa hiyo nilikuwa nimebanwa. Kitabu kimoja kina uaminifu lakini kinafunga mlango, kingine kimefungua mlango lakini kinaiba senti. Na hapo ndipo ungenikuta ningekushauri uachane na vitabu ucheze na mtoto.

## Mkaguzi

Kilichofuata hakikutoka kwenye kitabu chochote. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima na nilikuwa na mshumaa na kikokotoo cha simu. Nikasema: sawa, usitupe kona. Iache. Ufanye ukanda mdogo zaidi, uandike kila kitu.

Ukanda wa futi 1: ongezeko 201. Gawanya kwa 1, ni 201.

Ukanda wa futi 0.1: vipande virefu 20, kona 0.01. Jumla 20.01. Gawanya kwa 0.1, ni 200.1.

Ukanda wa futi 0.01: jumla 2.0001. Gawanya kwa 0.01, ni 200.01.

201. 200.1. 200.01.

Nikazitazama hizo nambari na nikajua nimeshaziona. Ni za mama wa nafaka! Zile zilikuwa zinapanda kuelekea dari. Hizi zinashuka kuelekea sakafu. Sakafu ni 200, mara mbili ya 100, 2x ya ule wimbo. Na kona haikutupwa popote. Imo, ndiyo ile .1, ndiyo ile .01, inazidi kujikunyata mwenyewe kila ukanda unapopungua.

Sasa mkaguzi wa hesabu akaingia kichwani. Kila mwaka huja na kiwango chake: tofauti ikiwa chini ya kiasi hiki, siandiki hoja. Nikamweka mbele ya swali la riba.

Anasema: dari yako ni 112,749.69, nataka tofauti isiyofika shilingi moja. Namjibu: gawa mwaka mara 1,000, utabaki na tofauti ya senti 81. Anakaza: chini ya senti kumi. Namjibu: hesabu kwa saa, mara 8,760, tofauti ni senti tisa na kidogo. Anakaza tena: chini ya senti moja. Hesabu kwa dakika.

Kwenye ploti ni rahisi hata zaidi. Akitaka nisizidi 200 kwa 0.05, natumia ukanda mwembamba kuliko 0.05. Ninachokosea ni sawasawa na upana wa ukanda.

Yeye anataja kwanza, mimi najibu baadaye. Anachotaja ni epsiloni. Ninachojibu ni delta. (Kwa riba si delta hasa, ni idadi ya migawanyo, lakini mchezo ni ule ule.) Hakuna aliyesema tofauti ni sifuri. Hakuna aliyetupa senti. Kinachosemwa ni kwamba hakuna kiwango atakachokitaja mkaguzi, hata kiwe kidogo vipi, nikashindwa kukifikia.

Nikaenda kukifuata kile kitofali kwa mwanga wa mshumaa. Nikafungua penye duara la biro ya buluu. Sentensi ile ile iliyowazika watu watatu, nikaisoma mara moja, mara mbili. Ni mkaguzi. Neno kwa neno, ni mkaguzi wa hesabu aliyevaa Kigiriki.

## Ukiniuliza

Tangu niseme ofisini kwamba ninasoma hesabu, watu wawili wameniuliza wanunue kitabu gani. Huwa nawajibu vibaya, maana nawauliza swali badala ya kuwajibu: una swali lako lenyewe, au unataka kalkulasi kwa jumla? Mwenye swali lake namwambia aanze na Thompson, agombane naye akifika kwenye kona ya mraba, na asimsamehe upesi. Mwenye akili ya magari na mashine, Strang. Asiye na swali lolote ila anataka kuona nondo za msingi, Spivak, na awe na likizo. Tom Apostol, ambaye juzuu yake ya kwanza ni ya 1961, anaanza na maeneo badala ya miteremko. Sijamsoma vya kutosha kumtetea lakini mpangilio huo unanivutia.

Kitofali usikitupe. Kina mazoezi mengi, na majibu ya maswali yenye nambari witiri yako nyuma. Ukiwa huna mwalimu, majibu ya nyuma ndiye mwalimu, na mwalimu mkali.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Niliposhinda epsiloni na delta nilidhani njia ni nyeupe. Wiki iliyofuata nilikwama siku tisa kwenye mteremko wa moja kwa x (1/x). Nilitafuta kosa langu kwenye kikomo, nikasoma upya, nikamlaumu mwandishi. Kumbe nilikuwa nimeshindwa kutoa sehemu moja kutoka kwa sehemu nyingine, aljebra ya Kidato cha Pili. Nilimwomba mpwa wangu vitabu vyake vya zamani. Sasa viko mezani, juu ya Thompson, na ndivyo ninavyovifungua mara nyingi kuliko vyote.

Nilimpitia mzee wa Latema wiki jana nikitafuta atlasi ya mtoto. Alinikumbuka.

"Umekirudisha?"

"Bado, mzee."

Alicheka, akaniambia ataniwekea nafasi kwenye turubai. Sikumwambia kwamba mwandiko wangu sasa umepita ule wa biro ya buluu kwa kurasa mia na kitu, kwa penseli ya HB, na kwamba kwenye sehemu iitwayo kanuni ya mnyororo nimeweka alama kubwa ya kuuliza. Ina wiki mbili sasa.